Shawa 72

Hita yetu ilikufa Julai, mwezi ambao hapa Turbo ukitoka nje alfajiri unaona pumzi yako mwenyewe. Haikulipuka wala kutoa moshi. Mamangu alifungua bomba la shawa saa kumi na moja na nusu, akangoja ile sauti ndogo ya hita kushika, sauti haikuja, na maji yakaendelea kushuka na baridi yao ya usiku mzima kwenye tangi. Ingeishia hapo, hii ingekuwa hadithi ya elementi iliyoungua: unanunua nyingine kwa hadiwea, fundi anaweka, mnasahau. Lakini alipoinua mkono kufunga bomba, stima ilimrusha hadi mlangoni.

Alinusurika. Mkono ulimuuma siku mbili, na kwa hizo siku mbili hakuna mtu kwetu aliyeingia bafuni bila ndoo.

Fundi alikuja Jumamosi. Alizima swichi kubwa, akafungua kifuniko, akatuonyesha elementi: waya mwembamba uliojikunja kama springi ya kalamu, umekatika katikati, ncha moja imelegea na kulalia plastiki. Hakukaa sana hapo. Alifuata nyaya kwa kidole hadi zinapoingia ukutani, akachokora plasta kwa bisibisi, akatoa kipande cha waya wa kijani na manjano kilichofungwa tepu mwishoni. Huo ndio waya wa ethi, ambao kazi yake ni kupeleka ardhini stima iliyopotea njia. Wetu haukuwa umeunganishwa na kitu chochote. Aliyetuwekea hita miaka sita iliyopita aliukata, akaukunja, akapiga plasta juu.

"Mama," fundi alisema, "hii stima ilikuwa na njia moja tu ya kwenda chini. Ni wewe."

Kogo, nyanya yangu, alikuwa ameketi kizingitini akichambua sukuma. Hakuinua kichwa. "Wakati wetu," alisema, "maji ya moto yalikuwa na mtu wake."

Nilidhani ni yale maneno ya wazee ya wakati-wetu. Lakini sentensi hiyo ilinikaa kichwani, na nilipoanza kusoma jinsi maji ya moto yalivyofika Uasin Gishu, kila nilipogusa nilimkuta mtu huyo.

*

Mtu wa kwanza alikuwa kaka yake Kogo mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1940 familia yao ilikuwa skwota kwenye shamba la Kaburu upande wa Soy. Kijana akiwa na miaka kama kumi hivi, kazi yake ilianza kabla ya jua: kuwasha moto nje ya jikoni, kuchemsha maji kwenye debe, kuyabeba hadi nyuma ya nyumba, kugonga mlango. Wazungu walimwita toto, neno letu wenyewe lililogeuka kuwa cheo. Kogo anakumbuka mikono yake ilivyokuwa na alama za vishikio vya waya. Anakumbuka pia kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuoga maji hayo hata siku moja.

Makaburu walikuwa wamefika kwenye uwanda huu mwaka 1908, msafara wa Jansen van Rensburg, kutoka Afrika Kusini kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi Nakuru, halafu kwa magari ya maksai kupanda msitu na matope hadi juu. Mji wao ulianza kama shamba namba 64, ndiyo maana mpaka leo utasikia wazee wakiita Eldoret Sisibo, sixty-four iliyopita kwenye ulimi wa Kinandi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, Turbo chini yake kidogo. Huku juu maji hayafikii hata nyuzi 100; yanachemka yakiwa kwenye 93 hivi. Mtu akija kukaa hapa, swali la kwanza baada ya paa na chakula ni maji ya kuoga.

Jibu la walowezi lilikuwa moto wa kuni na mkono wa mtu mwingine. Mwanzoni debe, lile la mafuta ya taa, karibu lita ishirini. Baadaye wenye uwezo walijenga kitu ambacho bado utakiona nyuma ya nyumba za zamani za mashamba: pipa la mafuta limelazwa juu ya matofali, nafasi ya moto chini yake, bomba la maji baridi linaingia kutoka tangi lililoinuliwa, bomba la maji moto linatoka na kupenya ukuta hadi bafuni. Wazungu wa Kenya waliiita boila ya Tanganyika. Kule Afrika Kusini na Namibia kitu kama hicho kinaitwa punda. Jina la pili ni la ukweli zaidi, ingawa punda halisi hakuwa pipa.

Maana pipa halijiwashi. Sheria ya 1918 iliwataka skwota kumfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi na kulima kipande kidogo kwenye ardhi ambayo baadhi yao walikuwa wakichungia ng'ombe kabla ya shamba kupewa namba. Sheria ya 1937 ilifungua njia ya siku hizo kupandishwa hadi 240, hata 270. Ndani ya siku hizo kulikuwa na kulima, kukamua, kuvuna, na pia hiki kitu kidogo ambacho hakiandikwi sana kwenye vitabu: kuamka saa kumi ili mtu mwingine aamke saa moja na kukuta maji yana mvuke.

*

Kuni zenyewe zina hadithi yake. Mti uliotawala pande hizi ni mwati, ule wenye maua ya manjano na gome jeusi. Ni mgeni. Asili yake ni Australia, ukaletwa Kenya kupitia Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, na mojawapo ya sababu za kuuleta ilikuwa kulisha injini za reli. Injini ya mvuke, ukiitazama vizuri, ni hita ya maji yenye magurudumu. Reli ya Uasin Gishu ilipanda hadi futi 9,136 karibu na Timboroa, ikashuka Eldoret mwaka 1924, ikapita Turbo ikielekea Uganda. Yaani kwa miaka mingi hita kubwa kuliko zote zilizowahi kupita kwenye mji wetu zilikuwa zikipiga honi na kuendelea na safari.

Halafu ikagundulika kwamba gome la mwati lina pesa kuliko mti wenyewe. Gome hutoa tanini, dawa ya kulainisha ngozi. Kampuni ya East African Tanning Extract, tunayoiita EATEC, ilijenga kiwanda Eldoret na kushika maelfu ya ekari za miwati. Baadaye ikawa chini ya Lonrho. Gome lilienda kiwandani, na shina lililobaki likawa kuni na makaa. Kogo anasema miwati ndiyo kuni bora aliyowahi kuwasha: haitoi moshi mwingi, makaa yake yanashikilia joto hadi asubuhi. Upande wetu wa Turbo kulikuwa pia na misitu ya kupandwa ya misonobari na saiprasi, mingi ikiwekwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kule Webuye. Kiwanda kilitaka magogo, watu walikusanya matawi.

Kwa hiyo mzee mmoja wa hapa akikuambia zamani kuni zilikuwa bure, mwelewe hivi: zilikuwa mabaki ya biashara ya mtu mwingine. Biashara hiyo ilipoisha na bure nayo iliisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ardhi ya EATEC iliuzwa vipande vipande. Miwati ikaangushwa, mahindi yakapandwa, na karibu na barabara yakaota maploti ya nyumba za kupangisha. Pan Paper ikafungwa 2009. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti kwenye misitu yake, marufuku iliyokaa hadi 2023. Sisemi ilikuwa makosa. Nasema tu kwamba aliyekuwa akiokota sasa ananunua.

Na yule wa kuokota naye aliondoka. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, watoto wakajaa madarasani mpaka wengine wakakaa chini. Mtoto anayetakiwa shule kabla ya saa moja hawezi kuwa ndiye wa kuwasha moto saa kumi, au anaweza lakini atasinzia kwenye hesabu. Kwetu kazi hiyo ilihamia kwa mamangu, aliyeifanya miaka kumi na tano bila mtu kuiita kazi.

*

Sasa tuje kwa stima, na tuanze na neno lenyewe, kwa sababu sisi Wakenya tunalitumia bila kulitazama. Tanzania wanasema umeme, ambao ni ule wa mawingu. Sisi tulichukua stima, neno la meli ya mvuke, steamer ya Waingereza. Yaani ukisema stima zimepotea, unazungumzia maji yaliyochemshwa.

Kenya Power yenyewe husimulia historia yake kuanzia Zanzibar: mwaka 1875 Sultani Barghash alinunua jenereta kuangaza jumba lake na mitaa ya karibu. Ni Barghash huyuhuyu aliyejenga bafu za Hamamni pale Mji Mkongwe, bafu za umma za mtindo wa Kiajemi, ambako maji yalipashwa kwa moto uliowashwa pembeni, mbali na macho ya waogaji. Mwaka 1908 jenereta ile ikanunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikazaa kampuni ya umeme ya Mombasa. Tazama huo mwaka. 1908 jenereta inatua Mombasa, 1908 magari ya maksai yanapanda Uasin Gishu. Vitu hivyo viwili vilichukua muda mrefu sana kukutana. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliungana kuwa East African Power and Lighting, ambayo tangu 1983 ndiyo hii tunayoipigia simu na kuwekwa kwenye muziki.

Hapa niwaombe mnivumilie kwa hesabu kidogo. Nilisoma uhandisi wa umeme mihula mitatu kabla ya kuacha, na kile nilichobaki nacho ni mazoea ya kugawanya kila kitu kwa wati.

Hita ya shawa ya kawaida, ile tunayoita instanti, inakula wati 5,500. Kwenye volti zetu 240 hiyo ni karibu ampea 23. Taa moja ya kisasa inakula wati tisa. Kwa hiyo unapofungua shawa, ni kana kwamba umewasha taa mia sita kwa pamoja ndani ya choo.

Mwaka 1952 mtambo mdogo wa maji ulianza kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya Selby, Mto Sosiani, mto uleule unaokatiza Eldoret kabla ya kushuka kuja pande zetu. Nguvu yake ilikuwa kilowati 400. Kwa wakati ule, taa na redio, hiyo ilikuwa neema. Gawanya kwa 5.5. Unapata shawa 72. Mto mzima, bwawa, mabomba, mitambo, wahandisi: watu 72 wakioga kwa pamoja, na mtu wa 73 angezima mji.

Nikiona namba hiyo naelewa kwa nini hakuna aliyefikiria kuoga kwa stima huku kwetu wakati huo. Kuni zilikuwa nyingi na mikono ilikuwa ya lazima.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ukaja umeme wa Owen Falls, bwawa la Jinja lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Kenya ilikubaliana na Uganda kuuziwa megawati 30 kwa miaka 50, na laini ya volti 132,000 ikavutwa kutoka Tororo hadi Lessos na kuendelea hadi Nairobi. Megawati 30 ni shawa 5,454. Zilipita juu ya vichwa vya watu wa magharibi mwa Kenya kwa minara mirefu, zikienda kuosha watu wengine. Mwaka 1991 Turkwel ikaongeza megawati 106, nazo zikateremka Lessos. Kwa miaka hiyo yote kijiji unaweza kukaa chini ya waya na kuwasha koroboi. Kitu kingine cha kuchekesha, kama una moyo wa kucheka: nguzo nyingi zinazobeba stima nchini zimetoka kwa mikaratusi ya hapahapa Uasin Gishu. Tuliuza nguzo miaka mingi kabla ya kuunganishwa nazo.

Mijini, wenye nyumba kubwa walikuwa na hita za tangi, na kampuni ilikuwa na bei maalumu kwa ajili yao: mita ya pili, stima ya bei nafuu, lakini kampuni ina ruhusa ya kuikata saa ambazo nchi nzima inapika. Ishara ilipitia kwenye waya huohuo na kuzima tangi kutoka mbali. Hata huko, kumbe, maji ya moto yalikuwa na mtu wake, ila ameketi ofisini.

*

Instanti ilitoka mbali zaidi. Ni kitu cha Brazil. Nchi hiyo ilikuwa na mito mikubwa ya kuzalisha umeme lakini mabomba ya gesi machache, kwa hiyo kati ya miaka ya 1920 na 1930 mafundi wa jimbo la São Paulo walianza kuweka waya wa joto ndani ya kichwa cha shawa chenyewe. Kampuni ya Lorenzetti, iliyoanzishwa São Paulo mwaka 1923, ndiyo iliyokuja kuifanya kitu cha kila nyumba. Leo jina hilo unalikuta kwenye maduka ya Kirinyaga Road na ya Eldoret kana kwamba ni la mtu wa hapa.

Uzuri wake ni wepesi. Ukifungua maji, msukumo wake unainua kiwambo cha raba, kiwambo kinagusanisha vikanyagio viwili vya shaba, stima inaingia kwenye waya, waya unapasha maji yanayopita. Ukifunga maji, kiwambo kinashuka, stima inakatika. Hakuna tangi, hakuna kungoja. Kwa wati 5,500 unaweza kupandisha lita tatu hivi kwa dakika kwa nyuzi 25, kutoka kwenye ubaridi wetu wa asubuhi hadi joto la mwili. Dakika kumi ni chini kidogo ya yuniti moja ya tokeni. Debe la kaka yake Kogo, kwa moto wa wazi unaopeleka joto lake zaidi hewani, lingekula kama kilo moja hivi ya kuni kavu kufanya kazi kidogo kuliko hiyo.

Kinachotisha ni hiki: kwenye nyingi ya hita hizi waya wa joto uko uchi ndani ya maji. Hakuna kinachoutenganisha na maji yanayokuangukia kichwani. Maji safi hayapitishi stima vizuri, na ile kidogo inayovuja inatakiwa ikamatwe na waya wa ethi kabla haijafika kwako. Ndiyo maana ukienda dukani Nairobi muuzaji atakuuliza kwanza kama maji yenu ni ya kanjo au ya kisima. Ya kisima yana chumvi, chumvi inabeba stima, na kuna hita nyingine za maji ya chumvi ambazo waya wake umefunikwa kwa bomba la chuma. Mfumo huu unahitaji ethi kama vile gari linavyohitaji breki. Sisi tuliagiza shawa. Ethi ilibaki kwa hiari ya fundi.

Na mafundi walikuwa na haraka, kwa sababu sote tulikuwa na haraka. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, gharama ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Turbo iliwaka. Kuni zimepanda bei, watoto wako shule, mama wamechoka, na tangazo la nyumba ya kupangisha lisilotaja maji ya moto halipigiwi simu. Kila ploti ikataka instanti. Nimeingia bafu za marafiki mtaani ambako hita ya ampea 23 imeunganishwa kwa waya wa milimita 2.5, ule wa soketi ya kuchaji simu, badala ya ule wa sita. Shika huo waya mtu akiwa anaoga. Una joto kama chapati.

Sheria haikutusahau kabisa. Kanuni za 2012 za kupasha maji kwa jua zilitaka kila jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke mtambo wa jua, unaotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji, na majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka mitano kujipanga. Nia ilikuwa njema: kuipunguzia gridi mzigo wa asubuhi, ile saa moja ambayo kila mtu anataka shawa yake. Lakini panda juu ya ghorofa lolote la Turbo uhesabu paneli. Mwenye nyumba ananunua mtambo wa jua, mpangaji ndiye analipa tokeni. Ukimpa mwenye nyumba chaguo hilo unajua atachagua nini. Na Julai, saa kumi na moja na nusu asubuhi, jua letu bado limejifunika.

*

Kwa hiyo tulikaa Jumamosi ile, fundi, mamangu, Kogo na mimi, tukiwa na njia tatu. Kubadilisha elementi tu, kazi ya nusu saa. Kununua hita mpya na kufanya kazi yote upya: waya wa milimita sita kutoka kwenye mita, breka yake yenyewe, kifaa kidogo kinachokata stima ikivuja hata miliampea 30, na ethi ya kweli. Au kuacha, na kurudi kwa ndoo.

Kogo alitaka ndoo. Hakusema kwa hasira. Alisema moto unauona, unausikia ukilia, ukikuunguza unajua ni kosa la nani. Hiki kitu cha ukutani kimekaa miaka sita kikijifanya mzima.

Mamangu alinyamaza muda, kisha akamwambia fundi aandike orodha. "Mama," alimwambia Kogo, "mimi siamki tena saa kumi." Na hapo mjadala ukawa umeisha, kwa sababu hata Kogo alijua nani angekuwa mtu wa hiyo ndoo.

Sitaandika bei, iliingia kwenye pesa ya mbolea, na kuna watu nyumbani bado hawajaizungumzia. Ninachotaka kuandika ni shimo. Fundi alichagua mahali nyuma ya bafu ambapo maji ya kuoga hutoka na udongo haukauki, akapigilia chini fimbo ya shaba yenye urefu kunizidi. Ardhi yetu ina mawe, kazi ilimchukua adhuhuri nzima. Kisha akachimba pembeni yake na kuomba vitu viwili: chumvi na makaa.

"Makaa ya nini?" Kogo aliuliza.

Akamweleza. Makaa yanashikilia unyevu na yanapitisha stima. Ukiyazungushia fimbo pamoja na chumvi, ardhi inapokea vizuri zaidi. Ni ujanja wa zamani wa mafundi. Kogo aliingia jikoni, akarudi na gorogoro mbili zilizojaa kutoka kwenye gunia lake, akazimwaga shimoni mwenyewe, akayaponda kwa mguu. Alitaka kujua kama makaa ya mwati ni bora kuliko ya saiprasi. Fundi alikiri hakuwahi kuulizwa.

Tulimwagia maji, tukafukia. Jioni fundi aliweka testa kwenye bomba mara tatu huku shawa ikiwa wazi, akatuita sote tutazame taa yake ndogo isiyowaka.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja. Mamangu hakuniomba. Niliwasha breka, nikaenda kusimama kwenye korido kando yake, mkono tayari, giza bado limejaa. Nilimsikia akiingia, akivua kandambili, akikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akauliza kutoka ndani, "Uko hapo?"

"Niko."

Akafungua bomba.